Nipeni Yeyote

Mvua ya usiku ilikuwa imeangusha mbuni nyingi, matunda makavu ya kahawa, na Ciakuthii alitaka kuziokota kabla nyapara hajafika. Mgongo wake haukukubali tena kuinama na kuinuka, kwa hiyo aliifanya kazi hiyo kwa magoti, akijisogeza kutoka shina moja la kahawa hadi jingine, matope yakimwingia kwenye nyufa za visigino. Alipapasa chini ya majani yaliyooza, akapata tunda jeusi lililokauka, akalifuta kwenye leso na kulitia ndani ya kopo la rangi alilojifunga kiunoni. Zamani kahawa iliyoanguka chini ilikuwa ya maskini. Hakuna aliyeiulizia. Siku hizi Mheshimiwa Gitari alikuwa ameajiri nyapara, na nyapara alikuwa na mbwa.

Upande wa pili wa ua wa miiba ya kayaba ilikuwa Shule ya Msingi ya Chifu Kithaka. Ilikuwa ikitimiza miaka hamsini mwaka uleule ambao nchi ilikuwa ikitimiza hamsini ya uhuru, na kwa ajili ya sherehe ukumbi mpya ulikuwa unajengwa. Ciakuthii alikuwa ameshazizoea sururu za wajenzi, jinsi zilivyogonga ardhi huku mmoja akihema na mwingine akitania. Asubuhi hiyo zilinyamaza ghafla.

Alimsikia kijana akisema, "Hii si ya mbuzi."

"Funika," akajibu mwingine. "Funika haraka kabla watoto hawajatoka darasani."

"Si ya mbuzi, bwana. Angalia meno."

Ciakuthii aliketi kwenye matope. Kopo lilipinduka, mbuni zikamwagika, naye hakuziokota. Kisha akajiinua kwa kushika tawi. Akapenya kwenye pengo la ua ambalo watoto wa shule hulitumia wakienda kuiba mapera, miiba ikimchana mkono, akaenda mpaka ukingoni mwa msingi.

"Cucu, rudi," fundi mkubwa alimwambia, akimwita bibi kwa Kiembu. "Hapa si mahali pa wazee."

Chini, kwenye udongo mwekundu, kulikuwa na mafuvu mawili yaliyolala shavu kwa shavu, na kando yake mifupa myembamba kama vijiti vya kuwashia moto. Fuvu moja lingeweza kukaa kwenye kiganja cha mtu. Taya yake ilikuwa na meno madogo ya mbele tu.

Ciakuthii alipiga magoti ukingoni, akaitazama ile taya.

"Huyu si wangu," alisema. "Wangu alikuwa ameota magego. Chimbeni, lakini polepole."

Vijana walitazamana. Mmoja aliiweka sururu chini, akatoka shimoni na kwenda kusimama mbali, mgongo wake ukiwa umewageukia wenzake.

Kabla ya kuwa shule, kilima hicho kilikuwa kijiji cha Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya mzungu kabla ya uhuru. Watu wa miinuko yote ya karibu waliswagwa hapo kama mbuzi wa mnada, nyumba zao zikiungua nyuma yao, wakaamriwa wachimbe handaki kukizunguka kijiji na kulijaza miti iliyochongwa. Ciakuthii alikuwa mke kijana mwenye mtoto mmoja. Mume wake alikuwa amechukuliwa kupelekwa kizuizini Manyani. Wanawake walishinda kwenye kazi ya lazima, wakichonga barabara, na saa ya kwenda kutafuta chakula shambani ilikuwa moja tu kwa siku. Siku nyingi ngati waliifuta hata hiyo. Ngati walikuwa watu wa hapahapa, waliopewa bunduki na serikali ya mzungu ili wawachunge wenzao. Mkubwa wao alikuwa Kithaka.

Mtoto aliitwa Marigu. Alianza kuvimba miguu, kisha akaacha kulia, kisha akaacha kunyonya. Siku ya mwisho Ciakuthii alishinda naye mgongoni barabarani, akipiga jembe, akiogopa kumteremsha kwa sababu alijua. Jioni, kwenye lango la kijiji, Kithaka alifunua nguo ya mgongoni kwa ncha ya fimbo, akatazama.

"Mpeleke shimoni na wengine," alisema. "Na usipige mayowe. Bwana DO ana wageni."

Hakupiga mayowe. Jambo hilo ndilo lililomkera zaidi baadaye, uzeeni, alipokuwa na nafasi ya kufikiri: kwamba alitii.

Uhuru ulipokuja, ardhi ilikuwa imeshapimwa na kuandikishwa, wenyewe wakiwa kizuizini. Kilima chote kilikuwa cha Kithaka, ambaye sasa alikuwa chifu. Alikata kipande akakitoa kijengwe shule, na alipokufa shule ikapewa jina lake. Mume wa Ciakuthii alikuwa amerudi akikohoa damu, akakuta shamba la baba yake lina kahawa ya mtu mwingine. Alimwachia mkewe ujauzito mmoja na ukanda wa ardhi kando ya kijito, mahali penye mawe, akafa. Tangu hapo Ciakuthii alikuwa akichuma kahawa kwenye lile shamba la baba mkwe wake kama kibarua, na alipozeeka hata asiweze kuchuma, akawa anaokota zilizoanguka.

Mwalimu mkuu wa shule, Bundi, alikuwa mtu wa Meru, aliyesoma shule ya Kaaga na kufundisha historia kwa muda mrefu kabla ya kupewa ofisi. Alikuja mbio, akafika ukingoni, akavua kofia. Polisi waliitwa, wakatazama, wakasema mifupa hiyo ni ya kale na haina kesi, wakaondoka. Bundi aliagiza msingi ufunikwe kwa turubai. Kisha akamshika Ciakuthii mkono akampeleka ofisini, akamwekea chai ya maziwa na mkate, na kumsikiliza mpaka mwisho. Ukutani, juu ya kichwa cha mwalimu, kulikuwa na picha ya Chifu Kithaka akiwa na fimbo kwapani.

"Cucu," Bundi alisema, "mimi nafundisha biashara ya watumwa. Nafundisha vita vya dunia, na Wayahudi waliochomwa, na Rwanda. Kila mwaka nawaambia watoto, binadamu hurudia makosa yake kwa sababu anasahau. Kumbe nilikuwa nasema hivyo nikiwa nimesimama juu ya watu."

"Mambo ya dunia siyajui, mwalimu. Mimi nataka mtoto."

"Tutaita watu wa makumbusho kutoka Nairobi. Wako na wataalamu. Kila kitu kitafanywa kwa heshima, nakuahidi."

"Hao wataalamu watamjua Marigu?"

Bundi alizungusha kikombe chake mezani. Hakuwa ameonja chai.

Hata hivyo Ciakuthii alienda nyumbani akiwa mwepesi. Alimwita mwanawe Njoka, aliyekuwa akipakia majani chai kwenye lori la Gitari, akamwonyesha mahali chini ya migomba.

"Hapa panatosha," alisema. "Si lazima pawe parefu."

Njoka alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mwenye watoto shuleni. Alitazama mahali hapo, akatazama mikono yake.

"Mama, wacha haya maneno."

"Ni dada yako."

"Sikumjua."

"Ndiyo nasema, ni dada yako."

Mkewe Njoka, Lenah, aliyekuwa akipepeta maharagwe mlangoni, aliacha kupepeta. Jioni Ciakuthii alimwona akienda migombani na jembe, akipalia magugu mahali palepale palipoonyeshwa.

Gitari, mwana wa Kithaka, alikuja mwenyewe. Gari lake halikuweza kuteremka mpaka kijitoni, kwa hiyo aliliacha juu na kushuka kwa miguu, viatu vyeusi vikiteleza, dereva nyuma yake amebeba sukari na unga. Alikuwa mwakilishi wa wadi na mwenyekiti wa kamati ya shule, mtu mnene mwenye sauti ya chini, asiyepaza sauti kwa sababu hakuwahi kuhitaji kupaza. Alikataa kiti akaketi kwenye gogo, kama mtu wa nyumbani.

"Mama, wewe unanijua. Mimi ni mtoto wako."

"Nakujua. Ulizaliwa mwaka aliokufa Marigu. Mama yako alikuwa na maziwa."

Njoka, aliyekuwa amesimama kando ya nyumba, alitazama chini.

"Mzungu alitukosea sisi sote," Gitari alisema. "Baba yangu aliwekwa katikati. Angekataa, wangempiga risasi, na angekuja mwingine mbaya zaidi. Wewe hukuwa ndani ya moyo wake."

"Labda ni kweli," alisema Ciakuthii.

Gitari hakutarajia jibu hilo.

"Labda ni kweli," mwanamke alirudia. "Mimi sijakuuliza habari za baba yako. Nimeomba mtoto nimzike."

"Nikupe yupi, mama? Wamechanganyika pale. Huu mfupa wa nani, ule wa nani, hata daktari hawezi kujua. Wewe utamjuaje wako?"

"Nipeni yeyote. Yeyote mtakayenipa, nitamzika."

Kuku walipita kati yao wakidonoa unga uliokuwa ukivuja kutoka kwenye pakiti. Gitari aliwatazama. Alipozungumza tena, alizungumza kama anayemsomesha mtoto hesabu.

"Nikikupa mmoja leo, kesho watakuja wenzako watake wao. Baada ya hapo mtu atauliza nani aliwaweka shimoni. Halafu kijana mmoja wa chuo, wa hawa wanaosoma sheria, atauliza kilima kilikuwa cha nani kabla. Unaona? Wewe unaomba mtoto, lakini nyuma ya mtoto kuna maneno mengine. Maneno ya kuvunja kijiji."

"Mimi sikusema habari ya shamba."

"Ndiyo. Na ni vizuri hukusema." Alisimama, akajipangusa suruali, akamgeukia Njoka kwa upole uleule. "Njoka, jana hukuja kazini?"

"Nilikuja, Mheshimiwa. Nilipakia mpaka jioni."

"Mimi sikukuona."

Baada ya siku chache naibu wa chifu, Njue, aliitisha baraza kwenye uwanja wa shule. Watu walijaa. Nyuma yao turubai lilikuwa bado limefunika msingi, limeshikiliwa kwa mawe, na upepo ulipolipiga lilivuma kama tumbo lenye njaa. Watu wa makumbusho hawakuwa wamekuja. Mwalimu Bundi aliketi kwenye meza ya wakubwa. Jumatatu iliyotangulia alikuwa ametembelewa ofisini na kuambiwa kwamba kuna shule moja huko chini Mbeere, kwenye ukame, isiyo na mwalimu mkuu wala maji, na kwamba mtu mwenye moyo wa kujitolea angeweza kuhamishiwa huko wakati wowote. Mke wake alikuwa na ugonjwa wa figo, naye hutibiwa Embu mjini. Bundi aliketi akitazama kamba za viatu vyake.

Ciakuthii alisimama, akasema alichokijua. Hakupamba. Alitaja handaki, njaa, lango, fimbo, na jina la aliyeishika. Watu walisikiliza bila kukohoa.

Njue aliuliza, "Kuna mtu mwingine anaweza kusema aliona haya? Tusimseme marehemu vibaya kwa maneno ya mtu mmoja."

Ciakuthii aligeuka upande wa akina mama wa kanisa. Huko alikuwa ameketi Jedidah, kitambaa cheupe kichwani, Biblia mapajani. Wengine wote waliokuwa watu wazima siku zile walikuwa wamekufa. Ciakuthii na Jedidah walikuwa wamelala kibanda kimoja kwenye kijiji cha Emajensi. Jedidah ndiye aliyeshika miguu ya Marigu, na Ciakuthii mabega, walipomshusha, kwa kuwa hawakutaka kumtupa.

"Jedidah," aliita. "Waambie."

Jedidah alisimama taratibu. Mjukuu wake alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, na kila mtu pale uwanjani alijua ni nani aliyesimamisha harambee ya karo yake. Alitazama mbali, mahali kilima kinapoteremka kuelekea barabara ya Runyenjes.

"Mimi ni mzee," alisema. "Kichwa changu kimechoka. Mimi sikumbuki kitu."

"Hukumbuki nini?" Ciakuthii aliuliza. "Hukumbuki shimo, au hunikumbuki mimi?"

"Sikumbuki kitu, Mama Njoka. Nisamehe."

Akaketi. Mwanamke aliyekuwa kando yake akamshika mkono.

Ndipo Gitari aliposimama. Hakumkaripia mtu. Alisema cucu amesema kutoka kwenye uchungu, na uchungu huheshimiwa. Alisema yeye binafsi hataki ukumbi tena. Je, nani anaweza kuimba na kucheza juu ya mifupa? Mahali hapo papewe mnara wa mashujaa. Mifupa yote izikwe pamoja kwa maombi, na nchi ijue kwamba kijiji hiki kiliteseka kwa ajili ya uhuru. Alisema gharama ni juu yake. Watu walipiga makofi, wengine kwa machozi ya kweli, na walipokuwa wakitawanyika walisema Gitari ana busara ya baba yake.

Mifupa ilitolewa na wale vijana wa ujenzi kwa majembe na makarai, ikakusanywa kwenye magunia ya mbolea, ikawekwa kwenye sanduku la zege na kumiminiwa saruji juu. Ciakuthii alisimama kwenye ua wa kayaba akitazama. Kila gunia lilipopita alijaribu kusema jina, lakini magunia yalikuwa yakibebwa haraka.

Wiki hiyo Njoka alirudi nyumbani na buti mpya. Alikuwa na sare ya kijani, mkanda, na rungu lililopakwa vanishi.

"Nimepata kazi ya mshahara wa mwezi," aliwaambia. "Askari wa mnara."

Lenah alimtazama mama mkwe wake. Ciakuthii aligusa kitambaa cha sare, akakisugua kati ya vidole.

"Kizito," alisema. "Hutaona baridi."

Siku ya sherehe gari lilitumwa kumchukua. Alikataa kupanda. Njoka alichutama mbele yake akiwa na sare yake, akamwambia kwa sauti ndogo, "Mama, wameniambia usipokuja nisirudi kazini." Akapanda. Walimvika skafu ya rangi za bendera na kumketisha mstari wa mbele, chini ya hema, kando ya Jedidah. Wanawake hao wawili hawakuangaliana.

Mnara ulikuwa umefunikwa kwa kitambaa. Mgeni wa heshima alikuwa mtu mkubwa kutoka wizara moja Nairobi, mtu wa magharibi mwa nchi asiyejua neno la Kiembu. Alikata utepe, kitambaa kikaanguka, kamera zikamulika. Kulikuwa na maandishi mengi kwenye jiwe jeusi, na juu yake sura ya mtu iliyochongwa. Ciakuthii hakujua kusoma, lakini sura aliijua.

"Sasa tutasikia sauti ya mashujaa wenyewe," Njue alitangaza. "Cucu wetu ataongea kidogo, nami nitamtafsiria mgeni wetu."

Ciakuthii alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Alizungumza Kiembu.

"Mimi naitwa Ciakuthii. Nilikaa kwenye kijiji hiki wakati wa Emajensi."

"Anasema anaitwa Cucu Ciakuthii," Njue alisema kwa Kiswahili, "na anamkaribisha mgeni wetu kwa mikono miwili."

"Huyo mliyemchora hapo ndiye aliyeniambia nipeleke mtoto wangu shimoni."

Njue alimgeukia mgeni. "Anasema anamkumbuka sana marehemu Chifu. Alikuwa karibu na watu wake, hasa akina mama na watoto."

Minong'ono ilipita kwenye umati, mstari hadi mstari, ikafa. Ciakuthii alimgeukia Njue. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Emajensi, simama, chuchumaa, beba, lakini alielewa vya kutosha.

"Njue, sema nilivyosema. Mama yako alikuwa hapa. Tulikula naye majani ya viazi."

"Anasema chakula kilikuwa kidogo, lakini walisaidiana. Chifu hakuwaacha."

Alitazama watu. Aliwajua wote, aliwajua na baba zao. Kila mmoja pale alikuwa amesikia maneno yake kwanza, na ya Njue baadaye. Alingoja. Mtoto fulani alilia akanyamazishwa. Mahali fulani nyuma mtu mmoja alianza kupiga makofi, wengine wakamfuata, na makofi yakaja mbele kama mvua ikivuka bonde, mpaka Jedidah naye akanyanyua mikono yake akaigonganisha, taratibu, akiwa amefumba macho. Mgeni wa heshima alitoa leso na kupangusa uso.

"Uongo," Ciakuthii alisema kwa Kiswahili.

Lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshachukuliwa, na pasta alikuwa ameanzisha wimbo.

Mwalimu Bundi alimkuta baadaye, wageni walipokuwa wakila nyama. Alisimama karibu naye bila kujua aweke wapi mikono.

"Cucu, umekula?"

"Nani aliandika yale maneno kwenye jiwe?"

Bundi aligeuza uso kuelekea mnara.

"Nimeuliza kwa sababu watu wanasema ni maneno mazuri," alisema Ciakuthii. "Mazuri sana. Nikasema, hapa hakuna mtu wa kuandika hivyo isipokuwa mwalimu."

Bundi alienda zake. Lenah ndiye aliyemsomea. Alimpeleka mpaka kwenye jiwe, akafuata herufi kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza: hapa wamepumzika mashujaa wasiojulikana wa kijiji hiki, waliokufa kwa maradhi na dhiki za vita vya ukombozi, chini ya ulinzi wa Chifu Kithaka, baba wa watu wake.

"Wasiojulikana," Ciakuthii alisema.

"Ndivyo wameandika, mama."

Kwa muda hakutoka nyumbani. Watoto wa Njoka walirudi kutoka shuleni wakiwa na somo jipya, wakikariri jina la chifu na mwaka alioijenga shule, na Lenah akawaambia wakakaririe kijitoni. Kisha asubuhi moja yenye ukungu, shule ikiwa imefungwa kwa likizo, Ciakuthii alipika uji wa mtama mwembamba, bila sukari, akautia kwenye kibuyu kidogo. Alipanda kilima akipumzika kila mara. Lango la shule lilikuwa wazi. Alizunguka mnara mara moja, hakuona mlango wala ufa, kwa hiyo akapanda juu ya zege, upande wa nyuma usio na maandishi, akaketi na kunyoosha miguu. Saruji ilikuwa baridi. Alimimina uji kidogo, ukatapakaa juu yake usiingie popote. Akaanza kuongea, polepole, kama mtu aliyekatizwa mazungumzo na sasa anayaendeleza.

Njoka alitoka kwenye kibanda cha bati akiwa na rungu mkononi.

"Mama."

"Njoo uketi. Nimemwambia una watoto wanne."

"Mama, hairuhusiwi kukaa hapo. Wala kumwaga kitu. Nimeambiwa mtu yeyote."

"Nimesikia. Njoo uketi."

Honi ililia langoni. Gari la Gitari lilikuwa limeingia na kusimama kwenye changarawe, injini ikiunguruma, kioo cha nyuma kikiteremka nusu. Hakuna aliyetoka. Njoka alitazama gari, akatazama mama yake, akatazama uji uliokuwa ukiteremka kwenye ukingo wa zege, tone kwa tone, juu ya buti lake.

"Shuka, mama," alisema, na alipoona hasogei akaliinua rungu, si juu sana, kiasi cha kuonekana kutoka kwenye gari. "Shuka, tafadhali. Wananiangalia."